Sasa steringi anakufaje? Maswali yenu kuhusu The Petrified Forest

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu muvi ya zamani ya Marekani inaitwa The Petrified Forest, ya mwaka 1936, nikasema anayependa picha za majambazi aitafute. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyozoea na mengine yana hasira kabisa, kwa hiyo ukurasa wote wa leo nauweka hapo hapo. Kwa ambaye hajaiona: ni kamgahawa pembeni ya barabara, katikati ya jangwa la Arizona, nje kuna pampu ya petroli, ndani kuna babu, kuna baba, kuna binti anayehudumia wateja na anaota kwenda Ufaransa, kuna kijana wa kujaza mafuta anayemtaka huyo binti, afu anatokea mwandishi mmoja aliyefulia, Alan, anayesafiri kwa kuomba lifti. Jioni anaingia jambazi anayetafutwa kila kona, yeye na watu wake na mitutu, na wote mle ndani wanakuwa mateka. Mwisho wake nautaja humu manake karibu nusu ya maswali ni ya mwisho, asiyetaka kujua akaangalie kwanza, ni dakika 82 tu.

*

*Shikamoo mjomba. Hiyo muvi nimewekewa kwenye flashi na jamaa yetu hapa Tandika, nikaangalia na braza, tumebishana mpaka mama akatufukuza sebuleni. Mimi ninavyojua steringi hafi, hata apigwe risasi ngapi. Sasa huyu Alan anakufaje? Braza anasema steringi ni yule jambazi Duke Mantee. Na mbona muda wote watu wamekaa tu wanaongea?*
Msomaji, Tandika

Marahaba mwanangu. Steringi ni Alan Squier, aliyemcheza ni Leslie Howard, Mwingereza, na wakati ule yeye ndo alikuwa jina kubwa pamoja na Bette Davis aliyecheza binti, Gabrielle. Kwa hiyo wewe umeshinda. Ila braza wako nae kaona kitu, nitafika.

Kuhusu kukaa na kuongea, hii kitu haikuanza kama muvi, ilianza kama mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Robert E. Sherwood, ukaonyeshwa Broadway kule New York kuanzia Januari 1935, na jukwaani huwezi kufukuzana na magari, una chumba kimoja, meza, viti, mlango wa nje na mlango wa jikoni, basi. Mwaka uliofuata Warner Bros wakaifanya filamu, mwongozaji Archie Mayo, na wakabaki mle mle kwenye mgahawa karibu muda wote. Hata lile jangwa ukiliangalia vizuri nje ya dirisha unaona ni la studio, vumbi linapulizwa na mashine. Mimi halinisumbui hata kidogo. Wote tumekaa mle ndani na wale watu, joto letu, njaa yetu, mlango mmoja, na mwenye bunduki yuko kati yetu na ule mlango.

Sasa la steringi kufa. Sisi wa Dar tumejifunzia muvi kwenye vibanda umiza, kwa picha za makomandoo na za Kihindi na za kung fu, na huko steringi akifa banda zima linadai hela yake. Nakuelewa. Lakini angalia Alan anaingiaje mle ndani: ana begi mgongoni, ana tabasamu la kistaarabu, mfukoni hana hata hela ya chakula alichokula. Aliandika kitabu kimoja, akaoa mwanamke tajiri, wakaishi kusini mwa Ufaransa, hakuandika tena kitu, mwanamke akamwacha. Huyu ni mtu anayetafuta sababu moja nzuri ya kufa, na anakaribia kusema hivyo hivyo kabla hata jambazi hajafika. Risasi ya mwisho imemkuta mtu aliyekuwa ameshaondoka siku nyingi.

Na hili ndo ninaloliona kwenye hii picha kila nikiirudia, nimeirudia mara nyingi: majambazi hawajamteka mtu yeyote aliyekuwa huru. Gabrielle kafungwa na mgahawa wa baba yake. Baba mtu kafungwa na kikundi chake cha wanajeshi wa zamani, anavaa magwanda anajiona bado yuko vitani. Babu kafungwa na hadithi moja, kwamba zamani Billy the Kid, jambazi maarufu wa Marekani, alimpiga risasi akamkosa, anamsimulia kila mteja. Kuna mama mmoja tajiri, Bi Chisholm, kaingia na mume wake na dereva, kanyamaza kama pambo la sebuleni, ila bunduki ikishatoka anaanza kuongea, anasema alitaka kuwa mwigizaji, wazazi wakamkataza wakamwoza kwa mtu wa benki, na anayasema hayo mume wake amekaa hapo hapo pembeni. Miaka yote hakuyasema, anakuja kuyasema usiku ambao anaweza kupigwa risasi. Mimi hapo huwa nasimamisha kidogo, nakunywa maji, ndo naendelea.

Sasa braza wako. Duke Mantee nae ni mateka. Angeweza kuvuka mpaka mapema kabisa, wenzake wanamwambia bosi twende, twende, yeye kakaa kwenye kiti anamsubiri mwanamke wake Doris walioahidiana kukutana pale. Doris haji. Wanasikia kwamba kakamatwa na kawataja. Jambazi anayeogopwa nchi nzima anaangushwa na ahadi ya kumsubiri mtu, afu wewe uniambie huyo hana ndoto. Kwa hiyo mwambie braza: steringi hapana, lakini ndugu yake steringi, ndiyo.

*

*Kaka habari. Huyu aliyecheza Mantee ndio Humphrey Bogart yule yule wa Casablanca? Mbona anaonekana kama hajalala wiki nzima? Na kweli alikuwa jambazi halisi?*
Msomaji, Sinza

Ndiye. Na kabla ya hapo alikuwa hana maisha kwenye muvi, alishajaribu Hollywood ikamshinda akarudi New York kwenye majukwaa. Mantee aliicheza kwanza jukwaani na Howard, wakapendwa wote wawili, ila Warner Bros waliponunua mchezo walimtaka Edward G. Robinson, aliyekuwa staa wa majambazi. Howard akatuma telegramu kwa Jack Warner: bila Bogart, na yeye hayupo. Wakamchukua. Bogart ana miaka 36, ndo mlango wake unafunguka. Hakumsahau rafiki yake, 1952 alipopata binti akamwita Leslie, na hapo Howard alikuwa ameshafariki, ndege ya abiria aliyopanda ilidunguliwa na Wajerumani Juni 1943 juu ya bahari. Mi nasema ule ni urafiki, mtu anaweka kazi yake mwenyewe rehani ili mwenzake aingie.

Jambazi halisi hapana, lakini Mantee alichongwa kwa mfano wa John Dillinger, mwizi wa mabenki aliyeuawa Chicago tarehe 22 Julai 1934 akitoka sinema. Watu walikuwa bado wana ile sura kichwani, mchezo ulipoanza jukwaani miezi sita tu ilikuwa imepita, na Bogart alifanana nae. Muangalie anavyoingia. Ndevu za siku tatu, mabega yameshuka, mikono ameikunja kidogo mbele haiachii ining'inie, kama mtu ambaye pingu zimetoka leo ila mikono haijajua bado. Haongei sana. Akitaka kitu anageuza shingo tu, na watu wanakipata. Chumba kizima wanaongea maneno marefu mazuri na yeye anawatawala kwa kukaa.

*

*Shikamoo mjomba, mimi natokea Kigoma ila nipo Mbezi kwa sasa. Nimesikia Bogart aliwahi kucheza picha ya huku kwetu, ni kweli?*
Msomaji, Mbezi

Marahaba. Ni kweli ila hakufika Kigoma. Ni The African Queen ya 1951, hadithi yake imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, yani hapa kwetu, ila waliipigia Uganda na Kongo, na ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar, moja tu maishani mwake. Ndani ya hadithi kuna meli ya kivita ya Wajerumani ziwani, na wengi wanaiunganisha na meli yenu ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, ile iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza tena safari 1927. Ukirudi nyumbani ipigie saluti kwa niaba yangu.

*

*Mwandishi, umesifia sana lakini hujasema chochote kuhusu watu weusi kwenye hiyo filamu. Wapo wawili tu na mmoja ni jambazi, mwingine dereva wa tajiri. Hilo umeliona?*
Msomaji, Temeke

Nimeliona na asante kwa kunikumbusha, nilipaswa kulisema mwanzoni. Wawili ndiyo, Slim yuko kwenye genge la Mantee na Joseph ni dereva wa kina Chisholm. Lakini hebu rudi kwenye kile kipande cha vinywaji. Watu wote wako chini ya bunduki, majambazi wanagawa pombe, Slim anampa Joseph, na Joseph kabla ya kupokea anamgeukia tajiri wake anamwomba ruhusa. Tajiri mwenyewe mateka! Bunduki anayo Slim! Slim anamshangaa, anamuuliza kama hajapata habari kwamba utumwa umeisha siku nyingi. Utumwa Marekani umefutwa kikatiba 1865, muvi ni 1936, miaka 71, na yule mzee bado anaomba ruhusa ya kunywa.

Muvi za miaka ile mtu mweusi aliwekwa achekeshe, aogope, atoe macho, basi. Hapa kwenye lile genge Slim ni mmoja wao, anaagizwa kama wenzake wanavyoagizwa, hachekwi na mtu. Sisemi filamu ina haki kamili, hapana, wangeweza kumpa Slim hadithi yake kama walivyompa kila mtu mle ndani na hawakumpa, hatujui aliota nini, na hilo ni pungufu kubwa kwenye picha ambayo shughuli yake yote ni kuuliza watu waliota nini. Lakini yale maneno machache kayasema yeye, na sijaona muvi nyingi za wakati ule zilizothubutu.

*

*Hivi huo msitu upo kweli au ni jina tu?*
Msomaji, Gongo la Mboto

Upo, Arizona, na ni hifadhi ya taifa kamili tangu 1962. Ni magogo ya miti iliyoanguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, yakafukiwa kwenye udongo na majivu ya volkano, maji yenye madini yakaingia taratibu mpaka mti wote ukawa jiwe, ukikata unaona rangi kama nyama, njano, zambarau. Huku kwetu aliyeenda Tendaguru kule Lindi, walikochimbua mifupa ya dinosaria, anaelewa ninachosema, mfupa unaushika na ni jiwe. Alan ndani ya muvi anasema ule msitu ndo mahali pake, yeye na watu wa aina yake wenye maneno mengi wasio na kazi duniani, wamekuwa mawe. Na anaomba azikwe huko.

*

*Habari za kazi. Mimi ni wakala wa bima, nipo Posta. Alan amesaini bima yake ya maisha ya dola 5,000 imtaje Gabrielle kama mnufaika, afu akamwomba jambazi amuue. Kitaalamu hiyo hela italipwa kweli?*
Msomaji, Posta

Nimefurahi kupata swali hili kutoka kwa mwenye kazi. Kwanza angalia ilivyofanyika, Gabrielle yuko chumba kingine anamfunga kidonda yule kijana wa mafuta aliyejaribu kunyang'anya bunduki akapigwa risasi ya mkono, ndo Alan anaitoa karatasi, anasaini, anawaomba mume na mke Chisholm wasaini kama mashahidi, wanasaini. Halafu anamwambia Mantee kwa sauti ya kawaida kabisa, ukiondoka niue. Mantee anakubali, bila maneno mengi, kama unavyokubali kumpelekea mtu mzigo.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba bima nyingi zina kifungu cha kujiua, hasa miaka ya mwanzo ya mkataba. Hapa kauawa na mtu mwingine, jambazi anayekimbia polisi, na mnufaika hakujua lolote, hivyo kwenye karatasi inaonekana safi. Ila wale mashahidi wamesikia, wakihojiwa wakasema kweli, kampuni yoyote itaanza kubisha. Muvi inaisha kabla. Mimi nilivyomwelewa Alan, hakutaka kufa kwa mkono wake sio kwa ajili ya kifungu tu, alitaka kufa kwake kufanye kazi, manake maisha yake anaona hayakufanya.

*

*Mwanangu, mimi ni mama wa watoto wanne, Magomeni. Binti yangu wa tatu kaangalia hiyo picha kwa simu akalia usiku, asubuhi akaniambia mama yule ndo mimi. Anachora. Baba yake hataki kusikia, anataka aje dukani. Nimeangalia na mimi. Nataka uniambie, yule kijana kumpa binti wa watu hela ya kufa kwake, alifanya vizuri au alifanya dhambi? Mimi nimeona uchungu tu.*
Mama, Magomeni

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, nimeiacha ya mwisho kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nikueleze nilipomwelewa Gabrielle. Nimekulia Manzese, na stendi ya mabasi ya mikoani ilipokuwa Ubungo kabla haijahamia Mbezi, likizo za shule nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha. Trei kichwani, chumvi na pilipili kwenye kikopo cha plastiki, kachumbari kwenye mfuko. Unayajua mabasi yote kwa honi, hili la Mwanza, hili la Mbeya, hili la Arusha, unakimbia nalo dirisha kwa dirisha mpaka getini na getini unabaki. Mimi nilikuwa na tabia moja ikawaudhi wenzangu, nikishapokea hela namuuliza abiria, Mwanza kukoje? Wengi hawajibu, chenji bana. Siku moja baba mmoja mtu mzima akanijibu kweli kweli, akanielezea mawe yaliyosimama majini, makubwa kama nyumba, moja juu ya jingine, na ndege wanakaa juu yake, akaendelea mpaka basi likatembea na mimi nalikimbilia ili nisikie mwisho wake. Nilirudi nyumbani na yale mawe. Mpaka leo nikifika Mwanza nayaangalia kwa maneno yake.

Sasa Gabrielle mama yake ni Mfaransa, alishindwa kuishi jangwani akarudi kwao Bourges akamwacha mtoto, anamtumia vitabu. Kila gari linalojaza mafuta pale linaenda mahali, yeye anabaki na ile pampu. Anaposoma mashairi ya François Villon, mshairi wa zamani wa Ufaransa, mpaka anayajua kwa kichwa, anapomuuliza Alan kuhusu Ufaransa, Bette Davis anaegemea mbele kidogo tu na macho hayabanduki. Huyo ni mtoto anayekimbia na basi.

Swali lako. Mimi sioni kwamba alifanya vizuri, mama, pamoja na kwamba kila mara mwisho unanitoa machozi. Gabrielle hakuulizwa. Alishamwambia Alan anataka kwenda nae, yani alichotaka ni kuondoka na mtu, yeye akaletewa hela na maiti, na anamshika pale sakafuni anamsomea mistari ya Villon asiyajue yaliyosainiwa. Alan alimpenda, hilo sina shaka, lakini kuna kiburi ndani ya ule upendo, aliamua peke yake kwamba yeye hafai kuishi na yule binti anafaa.

Ila wa kumlaumu zaidi kwangu ni babu. Watu wanamcheka babu kwenye ile picha, ni mzee mchangamfu, ana maneno. Babu ana hela. Ana akiba kubwa ya dhamana za serikali, kila mtu mle ndani anajua, na mjukuu wake anahudumia meza huku anaota Bourges, na hatoi. Alan anamwambia usoni kabisa. Kama babu angefungua lile sanduku lake asubuhi ya siku ile, binti angepanda basi la kwanza, na mgeni aliyefulia angepita zake na tumbo limeshiba. Mtu wa kumsaidia alikuwepo nyumbani miaka yote, amekaa kwenye kiti anasimulia habari za Billy the Kid.

Kwa binti yako, baba yake hapo nyumbani asilazimishwe kwa ugomvi, mpeleke binti kwanza mahali ambapo kuchora ni kazi ya watu. Nafasi Art Space ipo Mikocheni, wasanii wako pale wanafanya kazi unawaona. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha sanaa, na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, sio mbali. Aende aone mtu mzima aliyepakaa rangi mikononi saa nne asubuhi na hakuna anayemwita mvivu. Ikiwezekana baba yake ndo ampeleke, hata kama anasubiri nje.

Na kitu kimoja nakuuliza mimi. Gabrielle anamwonyesha michoro yake mpita njia ambaye hata hela ya chakula hana, na baba mtu yuko chumba cha pili anavaa magwanda. Wewe ya binti yako umeiona yote, au ile aliyokuletea tu?